Mlango Uliozibwa Kabla ya Msiba

Watu wanaopita barabara ya Mkumbara wakiliona lile kanisa dogo la mawe husema ni la Wajerumani. Waliosoma zaidi husema ni la Wareno. Juzi kijana mmoja mwenye miwani alinieleza mimi, niliyebeba maji ya kukorogea chokaa yake kwa kichwa hiki hiki, kwamba huenda likawa la Waarabu. Nikamwambia ahsante, mwanangu, sikujua. Mtu akishaazimia kukuelimisha, mwache amalize.

Kanisa lile lilijengwa wakati wa Mwingereza, mimi nikiwa msichana wa kuposwa, na aliyelijenga ni Padri mmoja mwenye wazimu wa kwao. Sisemi wazimu wa kuokota matambara. Nasema ule wa mtu kukaa Korogwe miaka nenda rudi, anakula ugali, anaugua malaria, anagombana na mbu kwa Kiswahili safi, na bado moyo wake uko mahali pengine. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakusema lolote juu ya mtu anayetaka kuwaletea wenzake kwao, jiwe kwa jiwe, na kuwabebesha.

Sisi tulikuwa watu wa kambini. Baba alikuja kutoka bara na mkataba wa kukata mkonge. Mkataba ukaisha, yeye akabaki, akamleta na mama yake. Huyo ndiye bibi yangu, mwanamke mfupi aliyekuwa na neno la kusema juu ya kila kitu, na nikijisikiliza leo najua nilikorithi. Tulisali katika kanisa la nyasi lenye kuta za fito. Upepo ulipita, kuku walipita, na mahubiri yakirefuka nasi tulipita. Hakuna aliyelilalamikia.

Padri alikuwa na picha ya kanisa la kijijini kwao, huko milimani kwenye theluji, alikobatizwa yeye, na babu yake, na babu wa babu yake. Aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Jumapili moja baada ya Misa akaipitisha mikononi mwetu, akasema kanisa hilo lina umri wa miaka mia nane. Alipotamka "mia nane" alishusha sauti kama mshenga anayetaja mahari. Tukaitazama. Kijumba kizito cha mawe, kuta nene, vidirisha vyembamba kama mwanya wa meno, mlango wenye tao la mviringo. Bibi aliishika muda mrefu, kisha akampa Padri pole.

"Miaka mia nane yote," alisema, "na bado hamjapata madirisha?"

Padri akaeleza kwamba huo ni ujenzi wa kale wa Kirumi na ndio ufahari wake. Mzee mmoja akauliza kama Warumi hao ni wale waliomsulubisha Bwana. Katekista wetu, ambaye hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, akasema ndio hao hao, ila baadaye walitubu wakawa waashi. Padri akafumba macho. Alipoyafumbua alitangaza kwamba kanisa lile lile, bila kupunguza wala kuongeza, litajengwa hapa kwetu.

Fundi alipatikana: Mzigua mmoja wa Kwamsisi, upande wa Handeni, Mwislamu wa swala tano, mwashi wa mawe hodari na mdomo wake hauna mlango. Tena alikuwa mtani wetu. Watu wa bara na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa yake: atakutukana mbele ya wakwe zako nawe utacheka, na ukikasirika umeaibika wewe. Alipooneshwa unene wa kuta alimwuliza Padri, kwa adabu zote, huko kwenu mnamwogopa nani. Padri akasema wanaogopa baridi. Fundi akajipangusa jasho la shingoni, akasema, "Basi ondoa shaka, Padri. Hapa haitaingia."

Wanaume walipasua mawe, wanawake tulibeba maji na mchanga. Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, alipita siku moja na kofia yake, akaviangalia vile vidirisha vyembamba kwa mashaka, akazunguka nyuma, akarudi mbele. Kesho yake akamleta askari aingie ndani achungulie kila kimoja, aone kama mtu anaweza kupitisha mtutu wa bunduki. Askari akachungulia, akasema hata kuku hapiti. Serikali ikaridhika ikaenda zake.

Ujenzi ulikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye uzee. Kumbe Padri hakutaka kanisa la kufanana na la kwao lilipokuwa jipya, alitaka la kufanana na la kwao lilivyo. Kule kwao, jiwe la mlangoni limeliwa katikati na miguu ya watu wa miaka mia nane. Na la kwetu basi liwe limeliwa. Fundi alikuwa amelisawazisha jiwe lile mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Akarudishiwa tindo, akaambiwa achonge uchakavu. Alichonga, huku akiongea na tindo yake kwamba kwao Handeni watu huanza na upya, na uchakavu huja wenyewe bila kuitiwa fundi.

Sisi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na furaha zangu. Mchumba wangu alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Korogwe, kijana mrefu aliyepeperusha bendera ya kijani utadhani treni inaondoka kwa idhini yake. Mama yake alikaa Kilole, naye ni mtu wa bara kama sisi, kabila moja, mila moja. Mahari ilishapokewa. Kisha likaja agizo la reli: mwezi unaofuata anahamishiwa Tabora. Mama mkwe akatoa na yeye agizo lake. Mwanawe hapandi treni peke yake akaokotwe na wanawake wa mjini. Ama nifungishwe ndoa kabla ya kuondoka kwake, ama ataondoka na binti wa jirani yake pale Kilole, ambaye sanduku lake, nikaambiwa, limeshafungwa kamba.

Sikuogopa. Kanisa lilikuwa limebakiza kidogo tu. Lile la nyasi Padri alikuwa ameshalibomoa ili tusipate pa kurudia, na ndoa yangu ilikuwa imetangazwa kuwa ya kwanza katika jipya. Nilijiona nimependelewa.

Ndipo Padri akakumbuka mlango.

Katika kanisa la kwao, ukuta wa kaskazini una mlango mdogo uliozibwa kwa mawe. Ulizibwa zamani mno, na hakuna mtu aliye hai anayejua sababu. Fundi akauliza kwa nini basi asijenge ukuta tu. Padri akasema hapana, lazima ujengwe mlango kamili, na tao lake, na kizingiti chake, kisha uzibwe. Fundi akajenga mlango. Padri akaja akausifu. Fundi akauziba. Padri akasimama mbele ya mawe yale, machozi yakamlengalenga, akasema sasa ndilo.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu bara, maana bila hilo mtatuona wajinga, na ujinga wetu ulikuwa na akili zake. Kwetu, mtu akifia ndani ya nyumba, hatolewi kwa mlango wanaoingilia walio hai. Unatobolewa ukuta wa ubavuni, anatolewa hapo, na siku hiyo hiyo pengo linazibwa, ili akitaka kurudi asijue njia. Mpita njia akiona ukuta wenye kiraka cha ukubwa wa mtu, hana haja ya kuuliza. Anavua kofia na kutoa pole. Na mpaka matanga yaanuliwe, ndani ya nyumba hiyo hapachezwi ngoma wala hapafungwi ndoa.

Jioni ile fundi alipita nyumbani kwetu akiwa bado na chokaa mikononi. Akamwona bibi amekaa barazani anapepeta mchele. Mtani naye hawezi kupita bure.

"Poleni na msiba, bibi," akasema. "Maiti wenu nimemtoa salama na nyuma yake nimeziba. Nasubiri kuku wangu wa utani."

Bibi hakucheka. Ungo ukasimama hewani. "Maiti gani?"

"Wa kanisani. Mlango si umezibwa?"

Kesho yake asubuhi bibi alikwenda kujionea mwenyewe. Aliukuta mlango mdogo, ubavuni mwa nyumba, umezibwa kwa mawe, chokaa bado mbichi. Alirudi amejifunga kanga ya msiba. Kabla ya jua la mchana kambi nzima ilikuwa inajua, na kabla ya magharibi Kilole wanajua. Mimi nikajaribu kumwambia kwamba yule ni mtani tu, anatania. Bibi akanitazama kama mtu aliyeona hasara ya kunilea. "Mtani hutania kilichopo," akasema. "Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Jumapili ya kwanza katika kanisa jipya walikuwamo Padri, Katekista, na mke wa Katekista aliyeletwa kwa kushikwa mkono. Sisi wengine tulisimama uwanjani juani, tukiitikia kwa sauti kutoka nje, tena vizuri tu. Padri alitoka na mavazi yake ya Misa kuuliza kumetokea nini. Bibi ndiye aliyesemea watu.

"Shikamoo Padri. Tumekuja kukupa pole. Ni nani aliyetolewa?"

Padri akaeleza. Akaeleza tena. Hapa hakufa mtu; mlango huu ni mfano wa mlango wa kwao.

"Basi kule kwenu nani alitolewa?"

"Hatujui, bibi. Ni zamani sana."

"Mlimtoa mtu, mkaziba, mkamsahau jina?" Bibi aligeukia watu, na watu waliguna. "Na matanga je, mlianua?"

Padri akafanya kosa la wenye elimu: akahubiri. Alihubiri juu ya ushirikina mpaka waliokuwa juani wakaona kivuli cha mkonge kimewafaa zaidi. Siku ile ile mama mkwe akatuma neno kutoka Kilole. Hana ugomvi na mimi, ila mwanawe hawezi kuolea kwenye nyumba yenye msiba wa mtu asiyejulikana. Yeye na bibi, ambao hawakuwahi kupatana hata juu ya kiasi cha chumvi, kwa hili walikuwa kauli moja. Tazama bahati yangu.

Nilikwenda kwa Padri mwenyewe. Nilikuwa na hasira, wala sikuzificha. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe lile la mlangoni lililochongwa uchakavu, nikamwamkia, nikamwambia afungue ule mlango.

"Binti yangu, mlango ule una miaka mia nane."

"Una siku chache, Padri. Nilimletea fundi maji akiuziba."

Padri akaitoa ile picha kitabuni. Akanionesha, kando ya ukuta wenye mlango uliozibwa, kimsalaba kidogo cha chuma. Akasema pale amelala mama yake, alifariki yeye akiwa huku Korogwe, na barua ya kumwarifu, yenye picha hii ndani, ilimfikia nyasi zikiwa zimeshaota. Hatarudi tena kule, alisema. Ameshazeeka na bahari ni pana. Alitaka tu, akisali, akigeuza kichwa kushoto, aone anachokijua.

Nikawa sina tena la kumgombeza, na hilo liliniudhi zaidi. Nilikuja kudai harusi yangu, nikajikuta namwonea huruma mwanamume mwenye ndevu. Nikamwambia, "Basi Padri, kumbe msiba upo. Sasa kwa nini unatukatalia matanga?"

Padri akasema Kanisa lina Misa ya wafu, na hapakatazwi kuwaombea wafu tusiowajua. Akatangaza Misa ya Alhamisi kwa ajili ya wote waliopata kutolewa kwa mlango ule, popote ulipo.

Watu walifurika. Hakuna msiba usio na watani wa kuuigiza, na fundi alilijua hilo. Alitangulia na Wazigua wenzake, kofia zao kichwani, wamebeba machela, na juu ya machela gogo la mgomba limeviringishwa sanda vizuri, limefungwa na kichwani na miguuni. Wanalia kwa sauti moja. Yupo aliyevaa kanzu kuukuu kinyume akijiita mjane. Kwa desturi ya utani hapakuwa na kosa hata moja, na sisi tuliuma midomo tusicheke. Lakini Padri hakujua utani. Yeye aliona Waislamu wa Handeni wamekuja kumlilia marehemu wa kijijini kwao, ambaye hata yeye hamjui jina. Akashuka altareni, akaunyunyizia mgomba ule maji ya baraka, akausomea sala zote za maziko kwa Kilatini, hakuruka hata moja. Fundi, aliyekuja kufanya mchezo, akajikuta amesimama wima kama mtu aliyekamatwa. Mimi nilimwona akivua kofia, akakumbuka yeye ni Mwislamu, akaivaa tena.

Hakuna aliyemwambia Padri. Mgomba ukazikwa nje ya ukuta wa kaskazini, watani wakapewa jogoo wao, bibi akatangaza matanga yameanuliwa. Jumamosi nikafungishwa ndoa. Zile kuta za kuzuia baridi zilifanya kazi yake, kwa hiyo tulioka mle ndani kama mihogo. Poda ilinishuka mpaka kifuani, na mama mkwe alizimia, akasema ni kwa furaha. Jumatatu nikapanda treni na mume wangu, na yule binti wa Kilole akafungua kamba za sanduku lake.

Tabora tulikaa miaka mingi, tukazaa. Mume wangu alinipenda, nami nasema wazi nilimpenda, ingawa alikoroma kama injini inayopanda mlima. Kisha reli ikamrudisha Korogwe, bendera ya Mwingereza ikiwa bado iko stesheni. Alirudi na kikohozi. Daktari akampa dawa, kikohozi kikala dawa, kikamla na yeye. Bibi alishatangulia zamani. Mama mkwe alikuwa hai, haoni, naye akaniita akaniambia neno moja tu: mwanangu asitokee walikoingilia watu.

Nilijua maana yake. Siku ya maziko nilikwenda kanisani mapema na mtaimbo. Fundi alikuwa ameshafika, mzee sasa, amekaa chini ya ule ukuta wa kaskazini na mtaimbo wake. Hatukuwa tumepanga. Padri naye alitoka, mgongo umepinda, akatuona sisi na vyuma vyetu mbele ya mlango wake. Nilikuwa nimejiandaa kupigana naye. Nilikuwa na maneno mdomoni yaliyonolewa njia nzima.

Aliuchukua mtaimbo mkononi mwangu, akauingiza kwenye ufa, akalisukuma jiwe la kwanza mwenyewe mpaka likaanguka. Fundi akamalizia mengine. Mwanga ukaingia kanisani kutoka upande ule kwa mara ya kwanza, na upepo nao, na watu wakageuka kuutafuta.

Baada ya Misa wakamtoa mume wangu hapo. Fundi alikuwa amebeba upande wa kichwa, na mtani ni mtani hata siku hiyo. Alipofika kizingitini akanong'ona, "Shemeji, yule wa kwanza alikuwa mwepesi." Nikacheka, kicheko kikanigeukia, nikalia mpaka nikashikwa. Jioni mawe yakarudishwa moja moja, na chokaa mpya.

Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja wa Kizungu na kamera, mgeni wa shamba la mkonge, aliyesomea majengo ya kale. Nilikuwa nafagia uwanja. Alizunguka na Padri akishangilia kila kitu, akapiga magoti akapapasa uchakavu wa jiwe la mlangoni. Alipofika ukuta wa kaskazini akasema, kwa Kiswahili cha kuwaamuru wapishi, kwamba mlango kama huu ameuona huko Ulaya mara nyingi, ila hajapata mtu wa kumwambia umezibwa kwa sababu gani.

"Kule kwetu hatujui," Padri akamwambia. "Hapa muulize mke wa aliyetolewa, yule pale anafagia."